Mji Wenye Lango

Asubuhi ile ya soko la Mbinga, mwaka wa hamsini na nne, Verediana alitwanga kahawa iliyokataliwa na chama cha ushirika kama kawaida yake, ila moyo haukuwepo. Siku tatu sasa alikuwa na kadi ya picha kutoka Ujerumani, alikokwenda mwanawe Tarsisi, seremala wa misheni, kumsindikiza padri. Katekista, ambaye ndiye msomaji wa barua za watu, alikuwa safarini kigango cha Ruanda. Basi kadi ikazunguka kwenye benchi la wanywaji kahawa wake, na kila aliyeishika alimzidishia mama wa watu hofu.

— Ukuta mnene, mnara, lango la chuma, alisema Blasius, aitwaye Koplo tangu arudi vitani Burma. Hilo gereza, Mama Tarsisi. Pole.

— Gereza gani lina kanisa? alidakia Kilian, aitwaye Msomi.

— Kwani wafungwa hawasali?

— Huo ni mji, Koplo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wadachi hawakuziba, ona sasa!

— Na hizi nyumba? Miti imekingamana ukutani nje nje. Zimeegemezwa zisianguke!

— Ehee! Ndiyo maana wakamtaka seremala. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lango wamelifunga, hatoki mpaka nyumba zote zinyooke.

— Atazeekea humo mwanangu, alisema Verediana, akauweka mchi chini.

Akaja Theodosia wa Mbaha, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, akatua kapu lake.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaitazama kadi mikononi mwa Koplo.

— Na nyuma kumeandikwa nini?

Koplo akamtazama Msomi. Msomi akakohoa, akasema miwani ameisahau nyumbani. Miaka yote ya benchi lile, hakuna aliyewahi kuiona miwani hiyo.

Theodosia alikuwa amesomeshwa na masista. Akaigeuza kadi, akasoma:

— “Mama, shikamoo. Mji huu ni wa kale mno. Lango hili halijafungwa tangu enzi za mababu zao, ng'ombe hupita hapo wakitoka malishoni. Nyumba ni za miti na udongo kama yetu, nao wanajivunia kwamba zina miaka mia nne. Narudi kabla hatujachuma kahawa.”

— Si nilisema? alisema Koplo. Mji mzuri tu.

Verediana alikaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka huku machozi yakimtoka.

— Soma tena, mwanangu. Pale pa lango.