Gari Alilolichagua Athanas Bujiku

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni popote mlipo. Leo sina jambo la kuwachekesha. Mzee Athanas Bujiku ametutoka. Athanas Bujiku, dereva wa zamani wa Shinyanga, alizikwa jana kijijini kwake, ng'ambo ya mbuga, upande wa Ibadakuli.

Wazee wa mjini mnamkumbuka. Miaka ya hamsini alimwendeshea Bwana Taherali, mwenye duka la vitambaa, aliyewauzia wachimbaji wa Geita. Taherali alikuwa na magari mawili ya familia, yote ya Kiingereza: Morris Minor na Austin. Jamani, Athanas akianza kuyalinganisha, hali wala hanywi! Morris ni dogo, jepesi, likinasa watu wawili wanalisukuma linatoka. Austin ni zito, lakini kiti chake cha nyuma unajinyoosha kama uko kitandani. Ukimuuliza angenunua lipi, alijibu bila kufikiri: Morris.

Masika ya mwaka 1954, ujumbe ukafika dukani. Mke wa Athanas, Serafina, yuko kijijini ng'ambo ya mbuga, kwenye uchungu tangu jana yake, na mtoto hatoki. Awahishwe hospitali. Mama mzazi wa Serafina ndiye aliyekuwa naye.

Taherali akamtupia funguo za Morris. "Chukua hii, Athanas. Mbuga imelowa, tope tupu."

"Naomba Austin, Bwana."

"Austin itazama!"

"Mama mkwe naye anakuja, Bwana. Kwenye Morris atakaa wapi?"

Taherali hakuelewa. Wewe Msukuma umeshaelewa. Enzi zile mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, hawazungumzi ana kwa ana. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini. Serafina angelala nyuma, na kwenye Morris mama angelazimika kukaa mbele, bega kwa bega na mkwewe. Aibu gani hiyo! Kwenye Austin mama na binti wangeenea nyuma. Akachukua Austin.

Kwenda alifika. Kurudi, katikati ya mbuga, Austin likazama mpaka milangoni. Gari halikuwa na ubovu wowote, uzito tu. Athanas akasukuma peke yake, wapi! Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama mkwe akashuka kwenye tope, akasimama kando yake, wakasukuma pamoja, mabega yakigusana. Gari halikusogea.

Serafina alijifungulia mle garini, mvua ikinyesha. Mtoto alilia. Serafina akavuja damu mpaka akakata roho, palepale mbugani.

Mtoto yule ni Zipora, leo ana wajukuu. Ameniambia hivi: "Bibi ndiye aliyenilea. Baada ya matanga alimwita baba, akamtazama usoni mbele ya watu. Akamwambia, 'Mkwe wangu, mbona hukuniuliza? Mwanangu alikuwa anakufa. Ningekaa hapo mbele. Ningekaa hata mapajani pako.' Baba alinisimulia hayo kitandani, wiki aliyofariki. Akaniuliza kama bibi alimsamehe. Nikamwambia ndiyo, baba. Sijui kama alinisikia."

Zipora, na ukoo wote wa Bujiku, poleni sana. Inauma, na hatuwezi kuwaondolea maumivu. Mungu ampokee Mzee Athanas, amkutanishe na Serafina wake.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nyumbani kwenu kuna mtu mnayemheshimu mpaka hamumuulizi kitu. Inukeni sasa hivi, mkamuulize.