Bi. Tsvetana Doncheva, Mtafuta Wasiotupenda

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, Bi. Tsvetana Doncheva anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mawakili wa uhamiaji hapa Milwaukee kwa miaka ishirini na saba. Alianza tarehe 9 Machi 1998 akiwa mpokea simu. Anaondoka akiwa mwandaaji mkuu wa maombi ya ukaazi ya watu wenye vipaji visivyo vya kawaida, kazi ambayo hakuna mwingine humu anayeiweza kama yeye, nikiwemo mimi niliyeisomea.

Wote mnajua kwamba mimi na yeye hatupatani. Kwa miaka kumi na tisa tumegombania dirisha, mashine ya kahawa na kila barua niliyoiandika. Kwa hiyo mkurugenzi wetu, Bi. Haugen, alipouliza nani aandike wasifu huu, na Bi. Tsvetana akaninyooshea kidole mimi, chumba kizima kiligeuka kunitazama. Nilimuuliza kama amechanganyikiwa. "Andika tu, wakili," akasema, "na usinisifu ovyo." Nilipigwa na butwaa, na mpaka leo halijanitoka.

Kwa wageni wetu, kazi yenyewe ni hii. Sheria humpa ukaazi mtu aliyefika kileleni katika fani yake, hata kama hana mwajiri. Kuna orodha ya vigezo kumi: tuzo, kuandikwa magazetini, kuwa mwamuzi wa kazi za wenzako na kadhalika. Vitatu vinatosha kufungua mlango. Halafu ofisa wa uhamiaji anapima kila kitu kwa pamoja, na hapo ndipo barua za wataalamu humwokoa mtu au kumzamisha. Desturi ya ofisi kama yetu ni kumwandalia mtaalamu rasimu, naye akaisoma na kutia saini. Bi. Tsvetana aliichukia desturi hiyo. Rasimu zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu, na pembeni mwa kila sifa ameandika: "Nani kasema?"

Swali lake kwa wateja lilikuwa baya zaidi. Wakishamaliza kutaja walimu na marafiki zao, aliwaambia, "Sasa nitajie mtu asiyekupenda." Daktari mmoja wa moyo alitoka nje kuvuta hewa, akarudi na majina manne.

Mwaka 2011 nilishughulikia ombi la Zurab Kvantaliani, fundi wa fidla kutoka Georgia. Nilikusanya barua kumi na moja kutoka nchi sita, nikajipongeza. Ofisa akatuletea notisi: barua tisa kati ya hizo zilikuwa na sentensi moja, neno kwa neno. Sentensi ilikuwa yangu. Tulipewa wiki kumi na mbili za kujibu. Tukishindwa, Zurab angefunga karakana na kuondoka na mkewe na binti yao, aliyebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari.

Bi. Tsvetana hakunicheka, na hilo lilinitisha zaidi. Alimuuliza Zurab swali lake.

"Riedel wa Chicago," Zurab akajibu. "Mzee yule akiniona njiani anabadilisha njia."

Kesho yake Bi. Tsvetana alipanda treni. Alirudi na barua iliyoandikwa kwa mkono, na nilipoisoma nilitaka kuichana. "Kvantaliani ni mtu wa majivuno," mzee aliandika, "na aliwahi kusema fidla zangu zinafaa kuoteshea maua. Lakini nimeifungua fidla yake mezani kwangu nijue alivyofanya. Nina miaka arobaini katika kazi hii, na bado sijajua."

"Hii haiendi popote," nikamwambia. "Inamtukana mteja wetu."

"Ndiyo maana wataiamini. Anayekupenda, wakili, atasema lolote."

Aliiweka mwanzoni kabisa mwa faili. Nikamwandikia Bi. Haugen malalamiko ya kurasa mbili. Siku ya kumi na tisa baada ya kulituma faili, jibu likaja: ombi limekubaliwa. Zurab alileta mkate wa jibini wa kwao, akaupeleka moja kwa moja kwenye meza ya Bi. Tsvetana. Mimi nilipewa kipande cha pembeni.

Lakini kilichonishtua kuliko vyote nimekikuta wiki iliyopita. Nilifungua kabati lake, kwa ruhusa yake, kutafuta tarehe za wasifu huu. Chini kabisa palikuwa na faili la bluu la mwaka 1996: ombi la kipaji kisicho cha kawaida, limekataliwa. Nilidhani ni la mteja mpaka niliposoma jina. Mwombaji alikuwa Tsvetana Doncheva wa Plovdiv, mtengenezaji wa vikaragosi vya jukwaani. Kulikuwa na picha ya dubu wa mbao anayefumba macho. Nilikaa chini sakafuni. Miaka yote hiyo meza zetu zimepakana, na sikuwahi kujua kwamba mikono ile ilishika kitu kingine zaidi ya karatasi.

Sababu ya kukataliwa ilikuwa aya moja tu. Barua zote saba zilitoka kwa waliomfundisha, waliofanya naye kazi, na dada yake. Mwaka uliofuata alipata ukaazi kwa bahati nasibu ya viza, lakini vikaragosi hakuvirudia tena. Nilimuuliza kwa nini hakukata rufaa.

"Ningemleta nani?" akasema. "Kila aliyeijua kazi yangu alinipenda."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alininyooshea kidole. Humu ndani kuna watu kumi na wanne ambao wangemwandikia wasifu huu huku wakilia. Yeye alitaka barua itakayoaminika.

Bi. Tsvetana, asante kwa niaba ya familia zote zilizobaki nchini kwa sababu yako. Tunakuombea afya, siku zisizo na notisi, na mbao nzuri za kuchonga. Najua unaisoma hii ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nimeandika kwamba kipaji chako si cha kawaida, na nimeandika bila rasimu ya mtu. Ukitaka kujua nani kasema, nimesema mimi, Leland Wroblewski, nisiyekupenda.