Mita Mia Mbili za Mwisho: Luhaga Bujiku Aaga Uwanja wa Sapiwi

Baada ya miaka thelathini ya kazi, Ndugu Luhaga Bujiku, mtunza uwanja wetu wa ndege za kunyunyizia pamba dawa huko Sapiwi, anastaafu tarehe 30 Juni 1998.

Alipoanza, uwanja ulikuwa na watu: wapakia dawa, fundi, mlinzi na mpishi mwenye kelele. Luhaga alifukuza ng'ombe uwanjani kwa baiskeli isiyo na breki. Siku moja ilimpeleka hadi katikati ya kundi, akatoka na kofia imejaa kinyesi. Mpishi alimcheka msimu mzima.

Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama chetu cha ushirika kiliyumba. Wenzake wakapunguzwa mmoja mmoja, akabaki peke yake. Ndege zikawa adimu, na majirani wakaanza kulima mita mia mbili za mwisho wa uwanja. Aliyepanda mahindi pale ni Milembe, dada yake wa tumbo moja, mjane mwenye watoto.

Februari 1996 viwavi walivamia pamba, ndege ikaitwa. Luhaga alijua kwamba ndege iliyojaa dawa, kwenye udongo uliolowa na joto la mchana, huhitaji uwanja wote ili iruke salama. Alimsihi dada yake ayaondoe mahindi.

"Hiyo ndege itanilishia wanangu?" Milembe alimuuliza.

Luhaga alifyeka mahindi yaliyokwisha kubeba, dada yake amesimama anamtazama.

Kesho yake ndege ilikimbia, tope likiyashika magurudumu. Ilipita nusu ya uwanja bila kuinuka, ikapita robo tatu. Iliachia ardhi palepale mahindi yalipokuwa. Rubani Kristofa aliporudi alimshika Luhaga mkono asiuachie. "Mzee, leo ningekufa," alisema. Safari zilizofuata alipakia dawa nusu tangi.

Milembe hakumsemesha tena. Kila mavuno Luhaga alimpelekea gunia la mahindi, walilipokea watoto. Alipokutana na dada yake kisimani alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka", naye dada akajitwika ndoo akaondoka. Jioni Luhaga alifyeka uwanja hadi mwisho, ingawa baada ya msimu ule ndege hazikuja tena.

Sasa uwanja unafungwa, naye anahamia Migato. Tulimpelekea Milembe mwaliko wa hafla hii ya kumuaga kaka yake. Aliupokea, hakusema atakuja wala hatakuja. Luhaga ametuomba tusianze kula mapema.

Asante sana, Ndugu Luhaga. Kuna watu walio hai leo kwa sababu yako. Mungu akujalie afya njema, na huko Migato akupe majirani wa kuzungumza nao.