Kwao Nelly

Kijiwe chetu cha Shela, hapa Malindi, ni benchi mbili za mbao zilizoegemea ukuta wa duka la vitambaa lililofungwa, na mbele yake jiko la mkaa la Kahindi na dele lake la kahawa chungu. Ikishaswaliwa alasiri wenye benchi hurudi, kila mmoja na nafasi yake, na hakuna anayesalimika na jina la utani. Mzee Alamin, mwenye hilo duka lililofungwa, huitwa Kadhi kwa sababu hukata hukumu kabla kesi haijasikizwa. Salmin wa tuktuk huitwa Rubani, na mwenyewe hakatai. Musyoka, mpimaji wa maabara hospitalini, mtu wa Makueni aliyeletwa pwani na uhamisho, huitwa Mwanafunzi, maana mvi zishamwota masikioni naye bado anasomea digrii kwa simu. Masihara ni mengi pale, lakini kuna jambo moja lisilofanyiwa masihara. Nafasi ya mtu ikikaa wazi siku tatu, wenzake huinuka wakaenda kumgongea mlango. Ndivyo walivyomkuta Farid, mwenzao wa benchi, wakati mmoja, homa imemlaza sakafuni, hata maji hana wa kumpa.

Jioni moja Musyoka alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili na kahawa yake imepoa. Rubani ndiye aliyeliona hilo.

— Mwanafunzi, leo vipi? Mwalimu kakutandika?

— Nelly haonekani, alisema Musyoka. Tangu Idi.

— Nelly ndiye nani tena?

Ikambidi aeleze. Darasa lao lina watu wengi, wauguzi na wapimaji na wahasibu wa hospitali, lakini kila mtu hufunga kamera, kwa hivyo Musyoka huona vyumba vyeusi vyenye majina, basi. Chuo kiliwagawa wawili wawili kwa kazi ya mwisho, yeye akaangukia kwa Nelly. Mwaka mzima, kila mtu akitoka kazini kwake, wameiandika pamoja ukurasa kwa ukurasa. Kesho ndiyo siku ya kuitetea mbele ya walimu, hapo hapo simuni, na asiyekuja na mwenzake hurudia mwaka.

Hayo ndiyo aliyowaambia. Hakuwaambia kwamba Nelly, kabla hawajagusa kazi, humwuliza kwanza kama amekula. Tangu mkewe Musyoka afariki, hapakuwa na mwingine duniani aliyemwuliza swali hilo.

— Kaibiwa simu, alisema Rubani. Hilo halina mjadala.

— Kaolewa, alisema Kadhi. Mwanamke akinyamaza ghafla baada ya Idi, ni harusi. Yeye yuko fungate, wewe wamngojea na makaratasi.

— Mzee, Nelly ni mtu wa kanisa. Halafu ako na watoto wakubwa.

— Kwani watu wa kanisa hawaolewi mara ya pili?

Kahindi alipuliza makaa, akasema bila kuinua kichwa:

— Mie naona kaenda Uarabuni kazi. Wakifika kule, tajiri huchukua simu akaifungia kabatini. Binti wa jirani yangu alikaa hivyo hivyo, mamake akishaanza kumfanyia hitima ndipo akapiga.

— Nelly ana kazi yake nzuri ya uuguzi, Kahindi. Aende kufanya nini?

Rubani alijivuta mbele hadi ukingoni mwa benchi. Walimjua. Akikaa hivyo, ndege inapaa.

— Nyote hamjui kitu. Mimi juzi nilibeba mzungu mmoja kumpeleka Watamu, kazi zake ni hizo za kompyuta, akanieleza yote. Huyo Nelly si mtu. Ni mtambo. Chuo chajua watu wazima wakisoma peke yao huchoka wakaacha. Sasa kila mmoja hupewa mwenzake wa bandia wa kumtia moyo. Umelalaje, umekula, pole na kazi. Ukikaribia kumaliza, wauzima, waenda wakampe mwingine.

Benchi zote mbili zikacheka. Musyoka hakucheka. Lile la kula lilimwingia kifuani, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu yeyote.

— Ni mtu, alisema. Nilisikia jogoo akiwika nyuma yake. Siku nyingine alikohoa, akaniomba msamaha.

— Mitambo ya sasa yakohoa, yakhe.

— Na jogoo?

— Jogoo ndiye rahisi kabisa.

Kadhi aliinua mkono, benchi ikanyamaza kusikiliza hukumu.

— Mimi nasema hivi. Kesho akija, ni mtu. Asipokuja, alikuwa mtambo. Kesi imekwisha.

— Na kama ni mtu, mzee, na ni mgonjwa? aliuliza Musyoka.

Kadhi alikunywa kahawa yake. Hapo ndipo alipofika mgeni, mtu wa makamo mwenye viatu vya vumbi jekundu na mfuko wa mihogo begani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba. Karibu ukae, alisema Kadhi.

Jina lake lilikuwa Fondo, katoka Marafa. Alikuwa akimtafuta mpwawe, Eugene, fundi wa friji, ambaye simu yake haiiti na mamake hali wala halali. Kahindi alicheka kidogo.

— Eugene nimepakana naye ukuta. Yu mzima, simu ndiyo iliyoanguka kisimani. Kaenda kazini, lakini akirudi ni lazima apite hapa. Keti, unywe kahawa.

Fondo alishusha pumzi ndefu, akashusha na mihogo. Kahindi akainamisha dele sana mpaka kikombe kikajaa.

— Nimekuta mwamtaja mtu mgonjwa, alisema Fondo. Ni nani?

Kadhi ndiye aliyejibu, kwa ukubwa wake:

— Mwenzake huyu bwana hapa. Wamesoma pamoja mwaka mzima, sasa hapatikani.

— Na nyinyi mmekaa? Hakuuliza kwa ukali. Alishangaa tu.

— Sisi desturi yetu ni siku tatu, twaenda kugonga, alisema Kadhi. Hizo zishapita kitambo, kwa kweli.

— Basi twendeni. Mimi nangoja mpwangu tu, na naona tuktuk hiyo hapo. Kwao ni wapi?

Wote wakamgeukia Musyoka.

Alijua kwamba Nelly hunywa chai bila sukari. Alijua lifti ya hospitali yao ni mbovu na kwamba yeye huogopa kusema mbele ya walimu, ndiyo maana walikubaliana Musyoka ndiye atakayeanza. Mji wake hakuujua. Hata jina la babake hakulijua, kwenye kile chumba cheusi paliandikwa Nelly na herufi moja mbele. Kila jioni palikuwa na kazi ya kumaliza, na hilo la kwenu ni wapi likangoja siku ya nafasi.

— Sijui, alisema.

Rubani, aliyekuwa ameshatoa ufunguo wa tuktuk, akaurudisha mfukoni.

— Na yeye akikukosa wewe, akauliza Fondo, ajua pa kukutafuta?

Kahindi alitikisa dele, akaona hakuna kitu, akaanza kukusanya vikombe. Musyoka aliinamia simu, akaandika polepole kwa kidole kimoja:

Nelly, hata kesho isipowezekana, si kitu, tutarudia. Mimi naishi Malindi, Shela, nyuma ya kiwanda cha barafu, mlango wa kijani. Nimekula. Kwenu ni wapi?

Akatuma. Alama ya kutumwa ikaja moja. Akangoja ya pili, ile ya kwamba umefika, haikuja.

Kadhi, aliyekuwa akichungulia bila haya, alikunja uso.

— Kiwanda cha barafu? Wewe si wakaa Maweni?

— Nilihama, mzee. Baada ya mazishi. Nyumba ilikuwa kubwa kwa mtu mmoja.

— Lakini mazishi yalikuwa mwaka juzi.

— Mwaka juzi, ndiyo.

Kadhi aliutazama mkeka mdogo ambao Musyoka huukalia kila siku pale mwisho wa benchi.

— Tungekwenda kugonga Maweni, alisema Rubani.

Baadaye Rubani akauliza tena, kwa sauti ya chini ambayo si yake, huo mlango wa kijani uko mkono gani mtu akitokea barabarani. Musyoka alimwambia wa kushoto, macho yake yakiwa bado kwenye ile alama moja.