Bi Vijimea wa Maji ya Kijani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Vijimea.

Dada alizaliwa tarehe 3 Juni 1961, katika zahanati iliyo nyuma ya bandari, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mama yetu alizoea kusema huyu alianza kuuliza kwa nini kabla hajajua kusema mama.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, akahitimu shahada ya sayansi ya bahari mwaka 1985, na tarehe 3 Machi 1986 akaajiriwa katika kituo cha utafiti kilicho karibu na mdomo wa mto, katika chumba chenye sinki mbili, rafu za chupa na feni iliyopiga kelele kuliko kupuliza. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vijimea, yaani mimea midogo mno inayoelea baharini, isiyoonekana kwa macho, ambayo samaki wote, wakubwa kwa wadogo, wanaitegemea, na swali lililomsumbua ni kwamba mto unamwaga mbolea tele pale mdomoni, mbona hapo vijimea ni haba, na kule mbele, ambako mbolea imepungua, maji yanakuwa ya kijani? Alichota maji kwa miaka, jua lake mvua yake, akabaini kwamba mto huohuo unaoleta chakula unaleta na tope, tope linaziba mwanga, na mmea usiopata mwanga hata ukiulisha vipi haukui, ila tope likishatua chini, hapo mambo yanachangamka, ingawa alituonya kwamba upepo, joto na vidudu vinavyovila navyo vina yao ya kusema, kwa hiyo tusidhani amemaliza.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na fundi wa injini za mashua wa kituo hicho, shemeji yetu huyu hapa mbele, wakajaliwa binti mwaka 1991 na mwana mwaka 1994, na humo akampata pia mama mkwe, muuza samaki wa soko la bandarini, wakapatana kama chanda na pete, hadi Agosti 1998. Mwezi huo dada alihojiwa redioni, akasema ghuba yetu imejaa vijimea, mtangazaji akaja kusoma taarifa jioni, akasema imejaa vimelea, na kesho yake mji mzima ukaamini samaki wana minyoo, samaki wakadoda, meza ya mama mkwe ikabaki na nzi, naye akaapa kutomsemesha mkwe aliyemtilia kitumbua chake mchanga.

Redio ilisahihisha, wala hakuna aliyesikia. Kejeli za sokoni dada alizicheka, lakini ukimya wa yule mama ulimliza, nami nilimwona akilia. Mwishowe akabeba hadubini ya kituo mpaka sokoni, akaitua juu ya meza ile, akadondosha tone la maji ya bahari, akamwomba mama mkwe achungulie tu, basi. Mama akafumba jicho moja, akainama, kisha akauliza vile vinavyometameta ni vizima, na kama ni vizima, vinakula nini. Waliongea hadi soko likafungwa, na tangu siku hiyo hawakuacha tena.

Dada alistaafu mwaka 2021, akaanza kuugua figo Aprili 2023, akatibiwa katika hospitali ya rufaa, na Jumatatu tarehe 19 Februari 2024, saa nne asubuhi, akafariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama mkwe. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia maswali yake kuhusu ile mashine ya kusafisha damu, majirani waliotupikia na kutufulia, na wafanyakazi wenzake wa kituoni, waliomletea habari za ghuba mpaka wodini.

Jana mama mkwe alinivuta pembeni, akaniambia mwaka huu maji yamekuwa ya kijani mapema, hata mvua bado, akataka kujua kwa nini, nikamjibu sijui, akasema basi ngoja ampigie mkwe wake, akatoa simu, akalitafuta jina, ndipo akakumbuka.

Upumzike kwa amani, dada yangu.