Bi. Kagure, Ua la Manjano na Fuko wa Timau

Tarehe 31 Mei 1988 Bi. Kagure Wahome anastaafu, baada ya kukitumikia kituo chetu cha mimea hapa Ruring'u kwa miaka ishirini na minne. Aliajiriwa 1964 kumwagilia miche maji. Anaondoka akiwa msimamizi wa kitalu, na hata wakubwa humwomba ruhusa kabla ya kukanyaga matuta yake.

Kazi iliyompa jina ilianza 1971. Katika kibonde kimoja juu ya Timau kulikuwa na ua la manjano ambalo hatukuwahi kuliona penginepo. Ni ua la msimu mmoja, hufa na kuota upya kwa mbegu, na yalikuwa yamebaki mashina sitini tu. Kando yake palijaa vifusi vya fuko, yule panya wa chini ya ardhi ambaye kila mkulima wa huku anamjua kwa hasara ya viazi. Fuko tele, maua haba: hukumu ilikuwa rahisi. Bi. Kagure alitega mitego ya fimbo na kamba kama alivyofunzwa na baba yake kule Murang'a, na kila Ijumaa akaleta mikia ofisini iwe ushahidi. Tulimpigia makofi.

Mwaka uliofuata yaliota mashina kumi na tisa.

Mwingine angelaumu mvua. Yeye alirudi kibondeni, akapiga magoti siku nne akilinganisha penye vifusi na pasipo. Fuko alikuwa ametafuna mizizi kadhaa, ni kweli, lakini miche yote michanga ilikuwa imeota kwenye udongo aliouchimbua. Kwingine ardhi ilikuwa ngumu na mbegu zimekauka juu juu. Aliporudi alisimama mbele yetu sote na Bwana Masinde, mkuu wetu wakati huo, akasema:

"Hii maua haimalizwi na fuko. Ni mimi nilikuwa naimaliza. Mitego yote nimetoa."

Baadaye alitueleza kwamba sanduku lake lilikuwa limeshafungwa, akingoja kufutwa kazi. Masinde alimpa madaftari mawili, moja la ua na moja la fuko, akamwambia aendelee kuhesabu. Amehesabu miaka kumi na sita. Mwezi huu mashina ni mia nne na saba.

Chai mnayokunywa leo imechemshwa kwa kuni za mitego hiyo, kwa ombi lake mwenyewe.

Bi. Kagure, asante kwa ua, na asante zaidi kwa siku ile uliyokiri kosa, maana tangu hapo nasi tumethubutu kukiri yetu. Upumzike vyema huko Murang'a, kwa afya na furaha. Na fuko wakivamia viazi vyako, tafadhali usituandikie.