Mama Soprano Kaingia Kwenye Rege

Benchi letu liko kati ya kibanda cha Redio, fundi simu, na duka la kunyoa la Hakimu. Redio tumempa jina hilo kwa sababu ya habari zake; Hakimu kwa sababu hukumu huzitoa wembe ukiwa shingoni mwako, na hapo nani atabisha? Kahawa anauza Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu. Ng'ambo ya barabara anakaa Mama Soprano, mwimbaji wa sauti ya juu kwenye kwaya, aliyetuliza misibani na kutuchezesha harusini miaka nenda rudi. Jioni ile mada ilikuwa moja tu: Mama Soprano karekodi albamu nzima ya rege. Tena rege asilia, besi nzito, mdundo unaotembea polepole kama mtu aliyeshiba.

— Kahama dini huyo, alianza Redio. Subirini, mtamwona na rasta mpaka kiunoni.

— Mvi zile zitafika kiunoni lini? Hakimu akamuuliza.

— Zinashonewa, kaka!

— Sikiliza nikupe sheria. Mama wa umri ule akibadili mdundo, kuna mwanamume. Na ni mpiga besi. Wale watu hawaongei, na wanawake wanapenda mtu asiyejibu.

— Ndiyo maana shemeji alikukimbia?

Tukacheka. Shangazi akamimina kahawa, uso mkavu.

— Mama wa watu kafiwa na mwanawe, alisema.

— Tunajua, Shangazi, alijibu Hakimu, si tulizika wote? Lakini msiba na rege wapi na wapi?

Redio akasogea, akashusha sauti.

— Mimi nina la ndani. Mwenye nyumba wake anataka wapangaji wengine wahame, kamlipa. Besi ikifunguliwa kila siku, kuta zinapasuka, watu wanaondoka wenyewe.

— Na Mama Soprano mwenyewe atalala wapi?

— Ghorofani. Besi inapiga chini.

— Nyumba ile ina ghorofa?

— Ndiyo maana nakwambia ni siri!

Bado tunacheka, akatokea mwanamume mgeni, begi la gitaa mgongoni, akasalimia na kuulizia kwa Mama Soprano.

— Gitaa hilo ni la besi? Hakimu akamuuliza.

— Ndiyo, la besi.

Hakimu akatukonyeza.

— Karibu, shemeji! Kaa upate kahawa kwanza.

Mgeni akakaa, hakuelewa kicheko chetu.

— Namletea albamu yake, alisema. Imekamilika leo.

— Hebu tutoe ushamba, shemeji. Rege mama yule kaitoa wapi?

— Ni nyimbo za marehemu mwanawe. Aliziacha kwenye simu, sauti na gitaa tu. Mama alitukataza tusibadili hata mdundo. Mwanzo aliziimba juu, kama yupo kwaya, hazikukaa. Siku moja akashuka chini, akaendelea kushuka, mpaka akaifikia sauti ya mwanawe. Tukazima mitambo, tukatoka nje kidogo.

Hakuna aliyemwita shemeji tena. Alikunywa kahawa, akatuangalia kwa furaha ya kweli.

— Kumbe ndio ninyi! Mama kanisimulia. Kijana alikuwa anakuja kuwapigia hapa kila jioni. Ninyi mlikuwa mnaupenda wimbo upi?

Redio akamwangalia Hakimu. Hakimu akaangalia kikombe. Mimi nilimkumbuka kijana vizuri, gitaa mapajani, akisubiri tumalize ubishi ndipo aanze. Wimbo haukunijia hata mmoja.

— Si lazima jina, mgeni akatusaidia. Nipeni mstari tu, nitaujua.

Mgeni akaendelea kungoja, bado anatabasamu.

Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka matone, kisha basi.

— Imekwisha, alisema. Njoo baba, nikuoneshe mlango.

Wakavuka. Hakimu akaingia dukani kwake, akakaa kwenye kiti cha wateja, akajitazama kwenye kioo.